Baruti na Daftari: Bunduki za Uzigua na Sheria Zake

Mwanzoni mwa Septemba 1888 shehena ya baruti ililetwa Pangani, na maofisa wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, wakiongozwa na Emil von Zelewski, wakataka kuizuia isishushwe. Walikuwa wameushika utawala wa mji kwa wiki chache tu, kwa mkataba uliotiwa saini Unguja na Sultani Khalifa bin Said. Umati wenye silaha ukawazunguka, wakabaki wafungwa ndani ya nyumba yao wenyewe, hadi Jenerali Lloyd Mathews, mkuu wa majeshi ya Sultani, alipofika kwa bahari kuwanusuru. Vita vilivyofuata wapenzi wa ushairi wanavijua kupitia utenzi wa Sheikh Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, unaoitwa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Aghalabu masimulizi ya vita hivyo huanza na bendera iliyoshushwa na bendera iliyopandishwa. Baruti hutajwa kwa kupita tu, ilhali yenyewe ndiyo iliyokuwa na njia ndefu zaidi ya kwenda.

Maana Pangani haikuwa mwisho wa safari ya mzigo ule. Baruti ilipanda bonde la mto, ambao watu wa Korogwe huuita Ruvu, ikafika kwenye vijiji vya visiwani katikati ya maji. Huko Wazigua walikuwa wamejenga makazi yao ili adui asiwafikie ila kwa daraja la magogo. Mizigo mingine ilikwenda kusini ya mto, katika nchi kavu ya Handeni, au ilitoka Saadani ikapita Uzigua kwa Uzigua hadi bara ya mbali. Kila mwenye nyumba ya maana alikuwa na bunduki, na bunduki bila baruti ni mti na chuma. Aliyezuia baruti Pangani alikuwa anagusa nyumba ya mtu wa Handeni ambaye pengine hajamwona Mzungu maishani mwake.

Inafaa kusema ni bunduki gani. Lugha yetu imezihifadhi zote, kama rafu za ghala la zamani. Ilikuwapo ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ikaja ya gumegume, yenye jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. Ikafuata ya fataki, kisha ya viasi, inayojazwa kwa nyuma. Zile za mwanzo zote zilishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomo wa kasiba: baruti, kitambaa, kisha risasi au marisawa, au hata vipande vya chuma vilivyookotwa. Hizi ndizo watu wa bara walizoziita na wanaoziita hadi leo gobore. Neno gumegume lenyewe limeshushwa cheo. Siku hizi husikika zaidi katika vijembe, anaposemwa mume asiyefaa kitu. Lakini zama zake gumegume iliangusha falme, na mfano mmoja uko karibu.

Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi, alitawala kutoka Vuga, juu ya milima ya Usambara. Alikuwa bwana wa mvua na wa kodi, na neno lake lilifika mbali nje ya milima. Richard Burton, aliyemzuru mwaka 1857, aliandika kwamba mfalme alikuwa na walinzi 400 wenye bunduki, ambao aliwaita Waingereza wake. Jina hilo lina mzaha, na lina hesabu ndani yake pia: mfalme alitaka bunduki ziwe mikononi mwa kikosi kimoja, chenye jina moja, kinachomtii mtu mmoja. Kwa namna hiyo twaweza kusema kwamba sheria ya kwanza ya silaha katika nchi hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa desturi ya ua wa mfalme.

Desturi hiyo ilivunjwa na jiografia. Wazigua walikaa karibu na pwani kuliko Vuga, na bunduki zikawafikia wao kwanza, tena bila idhini ya mtu. Kijiji chenye magobore kadhaa nyuma ya boma la miti hakikuwa tena na sababu ya kupeleka ng'ombe milimani. Katika uzee wa Kimweri, bonde na nyika vilikuwa vimeanza kumponyoka. Bunduki ikampa mtu mdogo uhuru ambao mkuki haukumpa. Tena ikampa mtu huyo huyo uwezo wa kumkamata jirani yake na kumuuza. Ni chombo hicho hicho kimoja, na historia ya Uzigua haituruhusu kuchagua upande mmoja wa habari.

Njaa ilikwisha kuonyesha upande wa pili mapema. Katika miaka ya 1830 ukame ulipoikumba Uzigua, watu walijitoa wenyewe na watoto wao kwa chakula, wakapakiwa majahazini. Wengi walipelekwa kaskazini hadi Banadiri, wakauzwa katika nchi ambayo leo ni Somalia. Biashara iliyojengeka juu ya misiba ya namna ile ndiyo iliyoingiza silaha: pembe na watu walikwenda pwani, nguo na bunduki na baruti zikarudi. Mzigo wa bunduki ulipanda bara kwa thamani ya vichwa vya watu.

Kimweri alipofariki, mnamo mwaka 1862, mwanawe Semboja aliuelewa mlango mpya wa utawala kuliko ndugu zake. Hakukaa Vuga. Aliteremka Mazinde, chini ya mlima, mahali ambapo leo ni katika Wilaya ya Korogwe, penye njia ya misafara itokayo Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro. Mjukuu wa Kimweri, Shekulwavu, ndiye aliyeketi penye kiti cha mvua na matambiko. Semboja akakaa penye kiti cha baruti. Vilipopigwa vita, mwisho wa miaka ya 1860, Vuga ilianguka, na Semboja akamweka mwanawe, kijana Kimweri Maguvu, kuwa mfalme kule juu. Yeye mwenyewe akabaki nyikani kama mlinda forodha. Mwaka 1869 Wabondei nao wakainuka kuwafukuza Wakilindi, katika machafuko waliyoyaita Kiva.

Habari hizi tunazo kwa Kiswahili safi, kwa kuwa Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyewahi kumtumikia Semboja, aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichotoka kwanza kwa sehemu katika matbaa ya wamisionari na kuchapwa tena mwaka 1962. Ni katika vitabu vikubwa vya nathari ya Kiswahili na hakisomwi inavyostahili. Mwandishi aliishi pale ambapo bunduki zilihesabiwa, na alijua kwamba mtu anayeishika njia haulizwi haki yake ya kutawala.

Kwa upande wa visiwani, hesabu ilikuwa ya kutisha. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka kwa kupitia Unguja. Nyingi zilikuwa bunduki zilizotupwa na majeshi ya Ulaya: kila taifa lilipobadili silaha ya askari wake, ile ya zamani iliuzwa kwa bei ya chuma, ikapanda meli. Hivyo Ulaya ilikuwa ikiuza kwa mkono mmoja kile ambacho kwa mkono wa pili ilijiandaa kukipiga marufuku. Wafanyabiashara walikuwa wa kila dini na kila kabila, Wazungu, Wahindi, Waarabu na Waswahili, na hapana hata mmoja wao aliyebakia na lawama peke yake.

Marufuku yakaja kwa manowari. Tangu tarehe 2 Desemba 1888 hadi tarehe 1 Oktoba 1889, meli za Kijerumani na Kiingereza ziliizingira pwani ya Mrima, kwa tamko la kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Hoja mbili zikafungwa katika fundo moja, na tangu siku hiyo hazikufunguliwa: aliyetetea baruti yake alionekana anatetea utumwa. Wapo waliotetea vyote viwili, hilo halina shaka. Lakini mkulima wa nyika aliyetaka kuwinga nguruwe shambani hakuwa na mahali pa kueleza shauri lake mbele ya nahodha wa manowari.

Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani, ambaye nguvu yake ilikuwa Wazigua, alipigana kutoka ngome yake ya Mlembule na kusalimu amri Aprili 1890. Miezi michache baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yakatia saini Mkataba wa Brussels, na miongoni mwa watia saini alikuwamo Sultani wa Zanzibar. Kisiwa kilichokuwa ghala la silaha kikawa mlinzi wa zuio lake. Hata ofisi ya kimataifa ya kukusanya hati na taarifa za mkataba ikawekwa Unguja yenyewe.

Mkataba huu unastahili kusomwa polepole, kwa sababu karibu kila kanuni ya silaha iliyofuata katika nchi zetu ni mtoto au mjukuu wake. Ulichora eneo kubwa la Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, na ndani yake ukakataza kuingiza bunduki, hususan zile za kisasa. Silaha iliyoingia kwa ruhusa iwekwe katika ghala la serikali kwa gharama ya mwenyewe, na isitoke bila kibali. Atakayepewa bunduki ya kisasa awe ametoa dhamana kwamba hataiuza wala kumpa mtu mwingine. Silaha yake ipigwe muhuri, na cheti chake kiwe na jina lake na alama ya muhuri huo. Cheti kidumu miaka mitano, kisha kiombwe upya, na kiweze kufutwa kikitumiwa vibaya.

Ila palikuwa na mlango mdogo ulioachwa wazi. Bunduki za gumegume zisizo na mikunjo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, zingeweza kuuzwa kwa wenyeji chini ya masharti na katika sehemu zitakazoruhusiwa. Basi Mzungu akapewa bunduki ya viasi kwa cheti, na Mwafrika akaachiwa gumegume kwa hisani. Sheria iliyotungwa kwa jina la amani ilifanya kazi ya pili kimyakimya: ilihakikisha kwamba katika kila ugomvi ujao silaha moja itapiga mara moja kwa dakika na nyingine itapiga mara nyingi. Si lazima kudai kwamba watungaji wote walikusudia hivyo. Matokeo yalikuwa hayo.

Na sheria haikuwabana Waafrika peke yao. Charles Stokes, Mwairishi aliyeacha umisionari akawa mfanyabiashara wa misafara na kupitisha mizigo yake njia ya Saadani, alinyongwa Kongo mwezi Januari 1895 kwa amri ya ofisa mmoja wa Kibelgiji, akidaiwa kuwauzia silaha maadui wa dola ya Kongo. Kesi yake ilizusha kelele kubwa Ulaya. Mwaka huo huo Semboja alifariki, na Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa. Kwa Mputa Ulaya haikupiga kelele.

Chini ya Wajerumani, baruti ikawa mali ya ghala la serikali, na gobore likawa kitu cha kuandikwa. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann akatoa amri ya wanyamapori, iliyotaka leseni kwa uwindaji. Sasa mtu alihitaji karatasi mbili: moja kwa chombo na nyingine kwa mnyama. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mahali pa misafara pakawa mahali pa mikonge. Semboja alishika njia kwa bunduki; serikali ilishika njia kwa reli na daftari, na daftari likawa na nguvu zaidi kwa kuwa halikuchoka wala halikufa.

Hapa ndipo penye kiini cha habari ya Handeni, nacho huonekana vizuri zaidi kwa kutazama shamba kuliko vita. Katika miaka ya 1894 hadi 1896 nzige na ukame vilileta njaa kubwa Uzigua, na watu wengi walikufa au kuhama. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya mazingira ya nchi hiyo tangu 1840 hadi 1940, ameonyesha jinsi utawala wa kikoloni ulivyovunja mamlaka ya wakubwa wa zamani, waliokuwa na akiba ya nafaka na wafuasi wa kufyeka pori. Watu walipopungua pori likasogea, na pori liliposogea mbung'o wakaja nalo, na ng'ombe wakafa.

Maelezo hayo yana nafasi ya kuongezwa gobore. Pori likirudi hurudi na nguruwe, nyani, tumbili na tembo. Nguruwe hula mahindi usiku, na kundi moja laweza kumaliza jasho la msimu kabla ya alfajiri. Katika hali hiyo bunduki ni ndugu wa jembe. Mwenye gobore akilipa leseni, akanunua baruti kidogo kwa kibali, akasafiri hadi boma kukihuisha cheti, shamba lake halingoji. Asiyeweza kulipa hukesha dunguni na debe na moto. Waingereza walipoishika Tanganyika hawakuubadili msingi huo. Sheria yao ya kuhifadhi wanyama ya mwaka 1921 iliendeleza leseni zile zile kwa lugha nyingine. Afisa alipoiona bunduki aliuliza: mtu huyu ni mwaminifu? Mkulima aliuliza: mahindi haya yatafika ghalani? Katika fomu hapakuwa na mstari wa swali la pili.

Uhuru nao ulirithi fomu. Baruti ya migodini, mashimoni na barabarani ikawekewa Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na bunduki zikaja kupata sheria ya mwaka 1991, kisha ile ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi. Tanzania ilikuwa pia miongoni mwa nchi zilizosaini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, juu ya silaha ndogo katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Itifaki hiyo inataka kila silaha ipigwe alama na iandikwe katika kumbukumbu za nchi. Mtu aliyeusoma Mkataba wa Brussels atautambua muhuri ule ule.

Lakini ni haki kusema tofauti. Mwaka 1890 alama ilipigwa ili watawaliwa wasilingane na watawala. Mwaka 2004 ilitakiwa na nchi zilizokuwa zimeona Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia, na zilizojua kwamba bunduki isiyo na jina huvuka mpaka bila viatu. Hivyo kanuni za leo haziwezi kupimwa kwa dhambi ya babu yao tu. Gobore nalo limekuwa mtihani kwake: halitoki kiwandani likiwa na namba, hutoka kwa mhunzi, kasiba yake pengine bomba la maji, na mwenye kulishika huenda amelirithi. Serikali ilipotangaza msamaha mwaka 2022 kwa watakaosalimisha silaha wasizo na kibali nazo, tangazo moja lilimhusu jambazi wa mjini na mlinzi wa shamba kwa maneno yale yale.

Ipo jamii moja katika Wilaya ya Handeni inayoijua habari hii kutoka pande zake zote. Wale waliopakiwa majahazini kwa njaa ya miaka ya 1830 hawakupotea wote. Bondeni mwa Mto Juba wengi waliwatoroka mabwana zao, wakajenga vijiji vyao katika msitu wa Gosha, na baadaye bunduki zikawasaidia kuvilinda dhidi ya waliotaka kuwarudisha utumwani. Walikaa huko zaidi ya miaka 150. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, maghala ya silaha yakafunguka na daftari likafa kwa siku chache, na bunduki zikawa za kila mwenye mkono. Watu wa Juba, wakulima wasio na ukoo wa kuwapigania, waliporwa nafaka na kuuawa mashambani mwao.

Baadhi yao wakapanda vyombo tena, safari hii kuelekea kusini. Walipokelewa kwanza Mkuiu, Handeni, kisha tangu mwaka 2003 wakapewa ardhi Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, na baadaye wengi wakapata uraia wa Tanzania. Walipofika hawakuhitaji mkalimani. Walizungumza Kizigua.